Plaizi Mbili za Marehemu Lazaro

Wageni wa mbali walipokwisha kula na kuaga, wenye ukoo waliingia sebuleni na mlango ukarudishwa. Ilikuwa siku ya kuvunja matanga ya Mzee Lazaro Msengi, na lilikuwa limebaki jambo moja tu.

Katika ukoo wa akina Msengi, siku kama hiyo chombo alichokuwa akifanyia kazi marehemu huwekwa juu ya ungo mbele ya wanawe wa kiume. Zamani kilikuwa jembe, shoka au upinde. Mtoto anayekiinua chombo hicho ndiye anayemchukua mama yake: atamlisha, atamtibu, na siku yake ikifika atamzika. Hapatolewi hotuba wala kiapo. Mkono ukishakigusa chombo, neno limekwisha. Kwa hiyo hakuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kukigusa kwa utani.

Mzee Lazaro alilima alizeti kama majirani zake, lakini vijiji vilivyo kati ya Iguguno na Nduguti vilimjua kwa kazi nyingine. Alikuwa fundi wa pampu za visima, zile za kusukuma kwa mkono. Chombo chake kilikuwa plaizi ya kukunja, ya aina ile ambayo vishikio vyake huficha kisu, tupa, bisibisi na kifungua kopo. Shida iliyowakusanya watu sebuleni ni kwamba aliacha plaizi za namna hiyo mbili.

Enock, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeziweka juu ya ungo, moja upande huu na nyingine upande ule, kwa uangalifu wa mtu anayepima.

Ya kwanza ilikuwa ya zamani. Lazaro alipewa na mhandisi mmoja wa mradi wa visima, miaka ambayo mwanawe wa kwanza alikuwa hajaanza shule. Chuma chake kilikuwa kimekwaruzika hata kikawa cheupe. Ili kukipata kisu ilibidi kuipanua plaizi nzima kwa mikono miwili, kisha kukichokonoa kisu kwa ukucha. Kisu chenyewe hakikuwa na kufuli, na ukikikandamiza vibaya kiliweza kukufungia vidole. Ukingo wa vishikio vyake uliuma kiganja kila mtu alipoibana kwa nguvu.

Ya pili ilikuwa mpya, nyeusi, iliyonunuliwa mjini na Hosea, huyo mwana wa kwanza. Kisu chake kilikaa upande wa nje. Kilifunguka kwa kidole gumba, kikalia ‘tik’ na kujifunga mahali pake. Meno yake yalirudi yenyewe kwa springi, na ndani yake mlikuwa na mkasi mdogo ambao ile ya zamani haikuwa nao.

Mjane, Mama Yunisi, alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya ukuta, miguu ameinyoosha. Magoti yake yalikuwa yamechoka, na jicho moja lilikuwa na ukungu. Hakuna aliyekuwa amelitaja jambo hilo tangu msiba uanze, lakini kila aliyeingia sebuleni aliiruka miguu ile.

Enock alianza kwa Kinyiramba, kisha akageukia Kiswahili kwa ajili ya Pendo, mke wa Benson, mwana wa pili, ambaye kwao ni Manyoni.

“Ukoo unataka chombo kimoja,” alisema. “Hapa pana viwili. Niambieni kipi ndicho alichofanyia kazi ndugu yangu, ili mwenye kukiinua akiinue, tunywe chai.”

Hosea alikohoa. Alikuwa mtu wa Mwankoko, kule mjini, mwenye nyumba yake na vyumba vya kupangisha, na alizoea kusema wa kwanza.

“Baba mdogo, hilo sioni kama lina mjadala. Ni hii ya zamani.” Aliionesha kwa kidevu, mikono ameifumbata kwapani. “Baba amejulikana kwa hii. Nenda kisima chochote, uliza. Mimi nitachukua ile mpya, kwa kuwa niliinunua mwenyewe. Huko ni kurudishiwa zawadi tu, hakuna zaidi.”

Benson, mdogo wake, mnunuzi wa alizeti pale Iguguno, alicheka kidogo.

“Kaka, zawadi tangu lini ikarudi dukani?”

“Sijasema dukani.”

“Basi tuseme kweli. Siku baba alipoanguka pale kisimani, mkanda wake ulikuwa na nini? Nyeusi. Niliivua mimi mwenyewe. Tena tangu mkono wake wa kushoto upate ganzi, angefunguaje kitu kinachotaka mikono miwili? Chombo cha baba ni hii mpya. Na kwa kuwa umeshasema unaichukua, baba mdogo, mimi nadhani tumemaliza.”

“Hatujamaliza,” alisema Hosea haraka.

“Umesema unaichukua. Tumesikia wote.”

“Nimesema naichukua kama mali yangu, siyo kama chombo cha ukoo. Usinifunge kwa maneno, Benson. Baba mwenyewe aliilalamikia hii mpya. Ina springi, ina vikufuli, ina skrubu kila mahali. Vumbi la huku likiingia, kufuli linagoma. Ile ya zamani unaigonga kwenye jiwe, vumbi linatoka, kazi inaendelea. Haina kitu cha kuharibika. Ni chuma cha watu waliokuwa wanajua kutengeneza.”

“Nzuri hivyo?”

“Nzuri sana.”

“Mbona basi huitaki?”

Enock alikitazama kikombe chake kitupu. Hosea alijibu baada ya kulipanga jibu lake.

“Sijasema siitaki. Nimesema ina mtu wake. Wewe uko jirani. Mimi niko mbali.”

“Mbali na lami yote ile? Mkwe wako wa Nduguti alipofariki, kaka, ulifika kabla jeneza halijafungwa. Sisi wa karibu tukakukuta umeshavaa suti.”

“Msimtaje marehemu mwingine,” alisema Enock.

Ndipo Pendo alipoona ni wakati wake. Alikuwa amepiga magoti karibu na birika, na alisema taratibu, kwa adabu zote, macho yake yakiwa kwenye ungo.

“Baba, mnisamehe, mimi ni mgeni katika ukoo. Lakini kitu cha zamani kina matunzo yake. Kinataka mafuta kila siku. Kinataka mtu wa kukifungua na mtu wa kukifunga. Leo kimekaza hapa, kesho kimelegea pale. Anayekichukua aseme kweli kama ana muda huo. Mimi kwangu, na watoto, na magunia, sina.”

Hakuna mtu sebuleni aliyedhani kwamba aliogopa kupaka plaizi mafuta. Mama Yunisi aliukunja mguu mmoja, akaufunika kwa khanga. Benson hakumkanya mkewe. Hosea naye alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia hoja yenye uzito.

“Hata usalama,” aliongeza Hosea, kwa sauti ya kupatanisha. “Ile ya zamani haina kufuli. Nyumba yenye watoto wadogo inahitaji kufikiria.”

“Wako wameshakua,” alisema Benson. “Kwako ni salama.”

Enock alipiga kiganja pajani. Hakuwa mtu wa hasira, lakini alipenda jambo lipangwe na kuisha.

“Mnabishana kama watu ambao mwenye kujua hayupo. Yupo. Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa ukienda naye visimani miaka hii ya mwisho. Alifanyia kazi ipi?”

Wote walimgeukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Mama Yunisi alitazamwa usoni.

Alijua jibu lote. Tangu mkono wa kushoto wa mumewe upate ganzi, Lazaro alivaa plaizi zote mbili, kila moja kwenye ala yake, na kila moja ilikuwa na zamu yake. Kukata waya na kuchonga mpira wa pampu aliitumia mpya, kwa sababu ilifunguka kwa mkono mmoja. Lakini kwenye nati iliyoshikwa na kutu aliitoa ya zamani, kwa kuwa alisema ile mpya aliijua kwa miaka michache tu na hii aliijua kwa maisha yake. Hapo yeye, Yunisi, alishika kishikio kimoja na mumewe kingine, wakabana pamoja. Asubuhi alipoanguka, ya zamani haikuwa mkandani kwa sababu ilikuwa mkononi mwake yeye, mkewe.

Aliwatazama wanawe kabla ya kujibu. Hosea alikuwa anachunguza sakafu. Benson alikuwa na uso wa mwanafunzi asiyejua jibu, anayeomba mwalimu amtaje mwenzake. Akisema ya zamani, angeangukia kwa Benson. Akisema mpya, angekwenda kwa Hosea. Kumkomoa mmoja kulikuwa rahisi, na aliona vizuri kwamba yule ambaye asingetajwa angefurahi mbele yake. Furaha hiyo hakutaka kuiona. Akaamua kusema kweli.

“Zote mbili,” alisema. “Hii kwa kukata, hii kwa kubana. Hakuna siku aliyotoka na moja.”

Enock alifurahi waziwazi. “Basi imekuwa rahisi. Kila mwana atachukua yake, na mama atakaa kwa zamu. Masika kwa mmoja, kiangazi kwa mwingine. Hata mimi ningechagua hivyo. Haya, nani anaanza?”

Ungo ulibaki kama ulivyokuwa.

“Aanze kwa kaka,” alisema Benson. “Ndiye mkubwa, ni heshima yake. Halafu sasa hivi kwangu ni msimu wa kununua. Magunia yamefika darini, watoto wenyewe wanalala juu ya alizeti.”

“Chumba cha nyuma kina mpangaji,” alisema Hosea. “Siwezi kumtupa mwalimu wa watu barabarani. Mwakani labda, nikimaliza kile cha uani.”

“Mwakani ni masika au kiangazi?”

“Usifanye mzaha, Benson. Tena mama mwenyewe hapendi mjini. Alipokuja kwa ajili ya jicho, alikaa siku chache akaanza kuuliza kuku wake.”

“Hata Iguguno hapapendi. Kelele za mashine ya kukamulia mafuta zinamnyima usingizi. Sivyo, mama Faith?”

“Alisema mwenyewe,” alisema Pendo.

“Na maji ya bomba yanamsumbua tumbo,” alisema Hosea.

“Na ngazi. Kwetu pana ngazi mlangoni.”

Wale ndugu waliokuwa wakipingana tangu chakula cha mchana walianza kukubaliana. Walikubaliana juu ya vitu ambavyo mama yao havipendi, mmoja akikitaja na mwingine akikithibitisha, na sauti zao zikalainika kama za watu wanaomhurumia mtu. Mama mwenyewe hawakumuuliza. Enock alijaribu kuingiza neno, akakosa pa kuliingizia.

Mama Yunisi aliunyoosha mkono.

Aliunyoosha taratibu sana, taratibu kuliko magoti yake na umri wake ulivyomlazimu, ili mkono mwingine upate nafasi ya kuutangulia. Ungo haukuwa mbali. Wanawe wawili walikaa karibu nao kuliko yeye. Waliuona mkono ukija, maneno yakawakatikia, lakini mikono yao ilibaki ilipokuwa. Akaishika plaizi ya zamani, akaishika na mpya, akaziweka pamoja juu ya viganja vyake.

“Shemeji,” alisema Enock, “mjane hajichukui mwenyewe. Halijapata kutokea.”

“Basi mwenye kunichukua na azitoe hapa.”

Hakufumba vidole. Aliviacha vimenyooka, plaizi zimelala juu yake, ili atakayezichukua asilazimike kuvuta. Birika lilikuwa limeanza kuchemka, na Pendo aliinuka kulishughulikia. Hosea alipangusa miwani yake kwa pindo la shati. Benson aliwatazama kuku waliokuwa wakipenya kwenye mwanya wa mlango, akawatazama mpaka wa mwisho alipotoka. Plaizi zile zilikuwa vyuma viwili vizito, na bado mama hakuishusha mikono.

Enock aliwasubiri vijana. Angeweza kusema neno, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo. Lakini yeye naye alikuwa na wana wawili, na siku zilizokuwa zikimngojea hazikuwa nyingi tena. Hakutaka kujua, mbele ya watu, ukoo ungeamua nini kama wana wangekataa kwa midomo yao.

“Mama ameamua,” alisema Hosea mwishowe, akiivaa miwani. “Nadhani tuuheshimu uamuzi wake.”

“Mama bado ana nguvu,” alisema Benson. “Sisi tutakuwa tunakuja.”

“Limekwisha,” alisema Enock.

Chai ilimiminwa. Sebule ambayo ilikuwa nzito tangu asubuhi ikawa nyepesi ghafla. Benson alimtania kaka yake juu ya kitambi, Hosea akajibu kwamba kitambi ni benki ya maskini, Pendo akacheka mpaka akaweka chini birika. Walikula maandazi. Mama Yunisi aliziweka plaizi mapajani mwake, akakataa chai kwa kusema ni ya moto mno.

Hosea alipomaliza kikombe cha pili, alisogea karibu na mkeka.

“Mama,” alisema kwa upole, “nilikuwa nawaza. Ile ya zamani siku hizi haitengenezwi tena. Chuma kile ukikitafuta mjini kote hukipati. Wewe hutaitumia. Ungenipa niiweke kwenye kabati la vioo pale sebuleni, iwe kumbukumbu ya baba.”

Benson aliweka kikombe chini.

“Kwa nini wewe? Wewe si ulisema ya kwako ni mpya?”

“Nilisema kwa upande wa mali. Kwa upande wa kumbukumbu ni jambo jingine.”

“Kumbukumbu ya ile mimi ndiye ninayo. Nilimshikia baba taa akitumia ile plaizi tangu nikiwa mdogo, wewe uko bweni. Mama, naomba unipe mimi. Hata kile kikovu cha kidole cha baba kilitokana nayo. Ni historia hiyo.”

“Ni historia yetu sote,” alisema Hosea. “Na mimi ndiye mkubwa.”

Waliichukua mapajani mwake kuitazama, kisha wakapokezana. Hakuna aliyesema tena kwamba ilikuwa nzito au kwamba iliuma kiganja. Kukosa kwake kufuli sasa kulikuwa dalili ya unyofu wa watu wa zamani. Weupe wa chuma chake ulikuwa jasho la baba. Hosea aliipanua na kuifunga, akasifu jinsi viungo vyake vilivyokuwa bado havijalegea.

“Tuichukue sisi, baba Faith,” Pendo alimnong’oneza mumewe, kwa sauti iliyofika kwenye mkeka. “Haina taabu. Tone moja la mafuta kwa mwaka linaitosha.”

Benson alimgeukia Enock. “Baba mdogo, desturi inaruhusu?”

“Chombo kimeshachukuliwa na mtu,” alisema Enock bila kumtazama shemeji yake. “Mwenyewe akipenda kukitoa, atoe. Hakitakuwa na kitu kingine nyuma yake.”

“Umesikia, mama. Hakina kitu kingine.”

“Nimesikia,” alisema Mama Yunisi. “Chukueni.”

Walipatana haraka. Hosea, kwa kuwa ni mkubwa, alipata ya zamani. Benson alipata mpya, ambayo ilikuwa na mkasi, na Pendo alisema mkasi utafaa kwa kufungulia magunia. Kila mmoja alimshukuru mama yake kwa kumshika mkono na kuinamisha kichwa, kama walivyolelewa. Kisha Enock akawaombea. Alimshukuru Mungu kwa kuwapa wana ambao hawakugombania urithi, akaomba nyumba ile iendelee kukaa katika umoja huo. Wote walisema amina.

Nje, gari la Hosea liliwashwa. Benson alisimama kwenye ua akimwonesha mkewe kisu cha plaizi mpya kinavyofunguka kwa kidole kimoja, ‘tik’, na tena, ‘tik’, na Pendo akaomba ajaribu naye. Hosea alishusha kioo.

“Mama, tutapiga simu,” alisema kwa sauti kubwa kuelekea mlangoni. “Hakikisha ina chaji.”

Gari lilipokwisha kutoka, pikipiki ya Benson ililifuata. Enock aliaga mwisho, akisema ana ng’ombe wa kuangalia kabla jua halijashuka. Alisimama kidogo kana kwamba kuna neno alilolisahau, akaenda.

Jua lilikuwa limefika kwenye vichwa vya alizeti za jirani Hana alipoingia kuchukua sufuria lake kubwa, alilokuwa ameliazimisha msibani. Alikuwa mwanamke mchangamfu, aliyesalimia huku akitembea.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Naona wameondoka. Wamegawana salama?”

“Salama. Hawakugombana.”

“Mungu ashukuriwe. Wengine huwa wanafikia mapanga.” Hana aliliona sufuria pembeni, akaliinua na kulichungulia ndani. “Na wewe, unakwenda kwa mkubwa au kwa mdogo?”

Mama Yunisi alisogeza mkono ukutani, akatafuta pa kushika.

“Kwanza ninyanyue, mwanangu,” alisema. “Tangu asubuhi sijainuka hapa.”

Hana aliweka sufuria chini. Alipita nyuma yake, akamshika kwapani, akahesabu kimoyomoyo, akavuta. Haikuwezekana mara ya kwanza. Mara ya pili alimpandisha nusu, akamwegemeza kwenye goti lake mwenyewe, wote wawili wakihema.

“Na kesho asubuhi,” aliuliza Hana, “nani atakunyanyua?”

Mama Yunisi alikuwa bado anatafuta mguu wa kusimamia.